Mistari ya Kidevuni mwa Mama Yangu

Zima hiyo redio, Ulaayu binti yangu, imeshamaliza kazi niliyoituma. Sogeza kiti karibu na godoro langu ukae, habari ya chai iache kwanza. Na wewe Jaypeetee, mwanangu wa kwanza, acha kusimama dirishani kama mtu anayesubiri ndege. Ndege ya wagonjwa niliikataa jana mbele ya nesi na mbele yenu, maana sitaki kuiacha barafu yetu nikafie kusini, katika chumba ambacho hata anayenigeuza ubavu hajui kunisalimu kwa lugha yangu. Kwa hiyo vua koti, kaa chini, mnisikilize wote wawili wakati pumzi bado ninayo. Maneno ni mengi na kifua kimekuwa kidogo, basi msinikatize.

Najua umenuna, Jaypeetee. Umenuna tangu asubuhi ulipomsikia mtangazaji wetu akisema, baada ya matokeo ya bingo na kabla ya habari za upepo, kwamba Qaunaq, yaani mimi, anamwita mama yake aje nyumbani upesi. Kijiji kizima kimesikia, na kijiji kizima kinajua kuwa mama yangu alizikwa zamani, wewe bado hujaota ndevu, na kinajua vizuri niliyemwita ni nani. Ni binti yako. Ni Ulluriaq, tuliyempa jina la mama yangu siku alipozaliwa. Na kwetu jina likishamkalia mtoto, huyo mtoto ndiye mwenye jina aliyerudi. Ndiyo maana mimi na uzee wangu huu nimemwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi, na wewe uliyemzaa ukamwita "bibi", ukimbeba mabegani hadi duka la ushirika na kumuuliza mbele ya watu, "Bibi, leo unataka biskuti zipi?" Wala hakuna aliyecheka, kwa sababu kila nyumba ya hapa imewahi kuwa na bibi mwenye nepi.

Nianze na vitu, vitu ni rahisi. Nyumba si yetu, ni ya serikali, kwa hiyo msije mkagombea kuta. Kisu changu cha nusu mwezi, kile chenye mpini wa pembe ya paa wa theluji, ni chako Ulaayu, na cherehani pia ni yako, ila usimwazime mtu yeyote anayeshona huku akivuta sigara. Mashua na pikipiki ya theluji ni vya Jaypeetee, ambaye kwa kweli alishavirithi miaka mingi bila kuniuliza. Hema la kiangazi litumieni pamoja, na mkigombana ndani yake nitajua. Maata wa nyumba ya kijani ana sufuria yangu kubwa. Mwambieni nimemsamehe aliyoyasema kwenye bingo juu ya mjukuu wangu, lakini sufuria airudishe.

Mnajua alisema nini? Alisema, na mdomo wake hauna breki, "Yule msichana wa Jaypeetee si bure, huko kusini kafungwa huyo, nani anajichora usoni kama hajatoka jela?" Mwenzake akadakia, "Au dawa za kulevya. Mume atampata wapi sasa, na kidevu kile?" Na mimi nimekaa hapo hapo na karatasi yangu ya bingo, masikio yangu hayajafa, ni miguu tu iliyokuwa imeanza kufa. Nikawauliza, "Mama yangu mlimwona jela ipi?" Wakainama kwenye karatasi zao kama watoto wa shule walioulizwa hesabu.

Sasa sikilizeni habari ya mama yangu. Jaypeetee anaijua nusu, na nusu hiyo amejitia kuisahau.

Mama yangu alichanjwa mistari ya kidevuni na ya vidoleni siku alipokuwa mwanamwali, kambini, na shangazi yake aliyekuwa na mkono mwepesi. Ilikuwa sindano na uzi wa mshipa wa mnyama uliochovywa kwenye masizi ya taa ya jiwe ya mafuta ya sili, unapitishwa chini ya ngozi mshono kwa mshono. Alisema uso ulivimba akashindwa kutafuna, wakamlisha mchuzi kwa kijiko cha pembe, na wanawake wa kambi wakamzunguka wakimtania kwamba sasa ni mtu mzima, asitegemee tena kukatiwa nyama. Hakuwahi kuniambia iliuma. Aliniambia walimtania, na alipokuwa akisimulia hapo sauti yake ilikuwa ikibadilika, ikawa ya msichana.

Kisha wakaja wa kanisa, wakasema ile ni alama ya shetani, na mama yangu, aliyempenda Mungu kwa moyo wake wote, akaamini. Kanisani alifunga kitambaa hadi chini ya mdomo. Alipokuja mgeni na kamera alishika kidevu kama mtu mwenye jino bovu. Picha yake ni moja tu duniani, ile iliyo ukutani nyuma yenu, na mkono uko mdomoni. Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyecheka na mkono mdomoni, wanangu, hata tulipokuwa wawili tu ndani ya hema, hata gizani, na nilikua nikidhani hivyo ndivyo wanawake wote wanavyocheka. Inaniuma mpaka leo. Kuliko hiki kifua.

Nipe maji, Ulaayu. Kidogo. Basi.

Sasa wewe, Jaypeetee. Sisemi una roho mbaya, nimekuzaa na nakujua. Wewe ndiye uliyeniomba mtoto apewe jina hilo, kwa sababu bibi yako ndiye aliyekulea niliposafirishwa kwenda hospitali ya kifua kikuu, na ulipomlilia alipokufa ulikuwa umeshikilia mkono wake ule wenye mistari kwenye vidole. Ulimpenda na mistari yake. Miaka mingi baadaye binti yako akaenda kusoma kusini, na likizo moja akarudi, na sote tulikuwa uwanja wa ndege, nusu ya kijiji, wengine wanasubiri mizigo na wengine wanasubiri umbea. Akashuka. Akavua kofia. Kidevuni ana mistari ya mama yangu, mmoja mpana katikati na myembamba pembeni, imepona vizuri, kazi safi ya msichana mwenzake anayezunguka vijijini akiwarudishia wanawake alama za bibi zao. Akacheka. Akacheka mdomo wazi, mikono yake yote miwili imeshika mabegi. Na mimi nikamwona mama yangu akicheka bila mkono kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ulaayu ndiye aliyenishika nisianguke, mlidhani ni baridi.

Wewe ukamtazama, ukamwambia, "Sharon, nenda kanisubiri kwenye gari."

Sharon! Jina la kwenye tiketi. Jina la walimu na la nesi. Kwa maisha yake yote hukuwahi kulitamka, hata ulipomkasirikia, maana hakuna mtu mzima wa kwetu anayeweza kumwita bibi yake kwa jina la karatasi. Hata wale waliokuja kwa umbea waliangalia viatu vyao. Hukumpiga, hukumtukana, na watu wa kusini wangesema ni jambo dogo. Lakini mtoto wa kwetu akinyang'anywa jina anaugua, na yeye aliugua, ingawa hakulala kitandani. Hakuingia kwenye gari. Alikwenda kwa rafiki yake kule ng'ambo ya mtaro, na huko ndiko anakoishi mpaka leo na tumbo lake kubwa, na wewe unapitisha pikipiki nyuma ya matangi ya mafuta ili usipite mlangoni kwao.

Najua unachokiogopa, usinitikisie kichwa. Uliniambia mwenyewe, palepale ulipokaa: "Mama, kule kusini mtu anapimwa kwa uso kabla hajafungua mdomo. Nimemsomesha awe nesi. Nani atamwajiri nesi mwenye uso wa namna ile? Watasema mlevi, watasema kahaba, watasema watu wa kaskazini ndivyo walivyo." Na unasoma maneno ya Mungu kanisani kila Jumapili, unaogopa watu watasema huyu anatufundisha nini na nyumba yake imemshinda. Sawa. Hofu yako si ya kipumbavu. Ulaayu alinisomea alichoandikiwa na Ulluriaq kutoka ng'ambo ya mtaro, kwamba kule kusini mwanamke ndani ya basi alimvuta mwanawe akamkalisha mbali naye, na kwamba dukani mlinzi alimfuata kutoka rafu hadi rafu. Na hapa kwetu je? Duka la ushirika lilimwambia kazi ipo lakini ni ya stoo, asikae kwenye mashine ya kulipia, wateja wazee wasije wakashtuka. Wazee gani? Mzee ni mimi! Mimi nashtushwa na bei ya maziwa.

Na si yeye peke yake. Vijana wa hapa wote wameshawekwa kapu moja, akionekana na mchoro tu basi ni mhuni, hana adabu, hamheshimu Mungu. Kweli wapo waliojichora upuuzi, sikatai. Yule kijana wa mwendesha trekta la theluji aliandika jina la mchumba wake shingoni, mchumba akaolewa na fundi umeme, sasa maskini anavaa skafu mpaka kiangazi, anatoka jasho katikati ya mbu. Tumecheka sana. Lakini tumemcheka kama mtoto wetu, hakuna aliyemfukuza. Na wewe, Jaypeetee, hebu pandisha mkono wa hilo shati. Unayo nanga hapo, umejichoma mwenyewe kwa sindano na wino wa kalamu ulipokuwa bweni la wavulana, na meli hujawahi kupanda. Nani alikuita mhalifu? Nilikupaka mafuta ya sili usije ukaoza mkono, nikakupa supu.

Mlango huo. Msiondoke, ni yeye, namjua kwa anavyokung'uta viatu.

Ingia, mama. Ingia, Ulluriaq, usisimame kwenye makoti, njoo mbele. Kaa, Jaypeetee! Kaa nimesema. Nikiwa hai bado ni nyumba yangu. Ulaayu, mpe kiti, hawezi kukaa chini na tumbo hilo. Umekuwa mkubwa, mama. Umekonda usoni lakini. Unakula? Anasema anakula, mwongo huyu, alikuwa mwongo hivi hivi hata zamani, nyama ikipungua alisema ameshiba.

Hebu semeni wenyewe, mwangalieni. Mimi nilimuuliza alipokuja kunitembelea kwa siri, wakati baba yake yuko kuwinda, nikamwambia, "Mama, ulijua watakusema. Kwa nini?" Akanijibu, na nayakumbuka maneno yake yote: "Mlinipa jina lake, kila mtu ananiita kwalo tangu nazaliwa, lakini uso wake mliufunika kitambaa mkamzika nao. Nimechoka kuwa na nusu." Kisha akasema, na hapo ndipo alipolia, "Kule wananiona mhalifu, hapa mnaniona mshirikina. Niambie mwanangu, niende wapi?" Aliniita mwanangu. Nami, na uzee wangu huu, nikamchanulia nywele tu.

Jibu ninalo leo, limekuja nikiwa nimelala hapa naangalia dari.

Sikilizeni, hili ndilo nililowaitia, hayo mengine ilikuwa kuwasha koo. Mtoto aliye tumboni mwa Ulluriaq apewe jina langu. Awe wa kike, awe wa kiume, ni Qaunaq. Ulaayu, najua mkaza mwanao naye ana mimba na mlikuwa mnalitaka jina hilo kwake, na mchungaji ameshaambiwa. Mrudieni mchungaji mkamwambie vingine. Wa kwenu wampe jina lingine, la marehemu baba yenu, mtu mwema yule, alikoroma tu. Langu linakwenda pale. Na taa ya jiwe aliyotumia mama yangu inakwenda pale, na koti langu jeupe la kubebea mtoto, lenye kofia pana, lile nililowabebea ninyi wote wawili, liko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mpeni leo. Asingoje mazishi.

Unaelewa, Jaypeetee mwanangu? Uso umekubadilika, umeelewa. Mama yangu anakwenda kunizaa tena. Safari hii tutakuwa mama na mwana kwa jina na kwa damu. Nitakaa mgongoni mwake, ndani ya kofia ya koti, nikichungulia begani, na uso wa kwanza nitakaoujifunza duniani ni huo, na mistari yake, na sitajua kwamba kuna mtu anauonea haya. Labda unifundishe wewe. Na wewe utaniita "mama" kama ulivyoniita siku zote, maana huwezi kumwita mama yako jina la tiketi, ulimi wako hautakubali, nakujua. Ila utanipata wapi uniite? Ukipita nyuma ya matangi utanikosa. Mlango utakaomfungia yeye utanifungia na mimi, na huku nje kuna baridi, mwanangu.

Mnisogezee mto. Hapo. Nyayo zangu sizihisi tena, msinifunike zaidi, si baridi ya blanketi.

Yaliyobaki ni machache. Kaburi nalitaka katika yale yaliyochimbwa vuli kabla ardhi haijaganda ikawa jiwe, lile la upande wa mama yangu, nimeshaongea na wahusika. Nivikeni viatu vya ngozi ya sili, si vile vya dukani. Maneno ya Mungu ayasome Jaypeetee, anasoma vizuri, Mungu hajanikosea kitu na mimi sina ugomvi naye. Nilimwomba kila siku, na sidhani alichukizwa na kidevu cha mama yangu, maana alikiona kwa muda mrefu kabla kanisa halijafika. Picha ya ukutani... msinizike nayo. Mpeni Ulluriaq. Aiweke palipo na mwanga.

Redioni mtangaze mchana, watu wakiwa wameshakula.

Ulaayu, binti yangu, ulinishika nilipolegea. Mikono yako isikose kazi wala isikose wa kuishika. Jicho lako libaki kali kwenye mshono. Mungu akuzeeshe ukiwa na meno.

Mama... Ulluriaq, lete vidole. Baridi hivi? Usiogope uchungu wa kuzaa, nitakuja taratibu. Wasipokupa kazi kwenye mashine ya dukani, zalisha wanawake wa hapa kwa mikono hiyo. Watakuita tu, usiku wa tufani hakuna atakayeuliza kidevu. Ucheke mdomo wazi. Hilo ndilo ninalokuagiza. Hilo tu.

Jaypeetee. Sogea. Mwanangu, uwindaji wako ubarikiwe, barafu ikubebe, urudi nyumbani kila utokapo. Nakubariki kabla hujafanya nililokuomba, kwa sababu muda sina. Sasa geuka. Yuko hapo, hatua mbili kutoka kwako. Mwite. Neno moja tu, ulilijua kabla hajaota jino. Nikusikie.

Bado.

Nasikia unalia. Kulia si kumwita, mwanangu.

Haya, nyamazeni. Pumzi... imebaki ndogo hii, sitaitumia kukugombeza. Wewe, Ulaayu, mshike mama yangu mkono tu, mpaka kaka yako awe tayari. Mtoto atakuja kiangazi, jua likiwa halizami. Mimi nikirudi, Jaypeetee, sitakuwa na meno, wala maneno ya kukukumbusha. Nitakuwa... nakutazama tu.